Mwalimu, Kipana Nimempa Bwana Shee

Mwalimu Tsuma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulimi wangu haujajua kukuanza kwa neno jingine, na kalamu imefuata ulimi.

Leo ni Jumatano, siku yangu ya kupumua, maana kesho ni mashine ya kusafisha damu. Mama amelala kidogo baada ya adhuhuri. Cherehani nimeifunika, kuna sare za watoto wa madrasa zinanisubiri, lakini mkono hautaki. Nimechoka, Mwalimu. Sitakuficha wewe. Ni uchovu ambao mtu akiamka nao asubuhi anaukuta umeshaamka zamani, umekaa unamngoja.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Kiti chako cha dirishani kina mtu mwingine, anaitwa Bwana Shee, na hasa ni kwa ajili yake ninakuandikia. Nimempa kile kidude chako kipana cha michezo. Nimekaa na jambo hilo kifuani kwa wiki tatu na nimeona nikueleze mwenyewe, tangu mwanzo, nisije nikawa nimekudhulumu.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza? Nilijifunika leso mbili na bado nilitetemeka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba damu ikitoka ikazunguka mle ndani ya mashine, hurudi mwilini na baridi. Nililia bila haya. Wewe ulikuwa kiti cha jirani, mwanamume mzima mwenye mvi, sindano mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshika kitu kama kipande cha sabuni ya kufulia, kinalia pi, pi, pi. Nikasema moyoni, huyu naye, umri wote huo. Ndipo ukanigeukia.

"Dada, kulia si vibaya. Lakini tuna saa nne hapa, na machozi yatakwisha saa ya kwanza. Zile tatu utafanya nini?"

Ukanipa kile kitu nishike. Ndani mlikuwa na mpagazi mdogo katika ghala, anasukuma makasha kuyapeleka mahali pake. Hawezi kuvuta, anasukuma tu. Kasha likifika pembeni limekwama, huna budi kuanza upya. Nilianza upya mara ishirini siku ile, na Sista Mbeyu alipokuja kunichomoa sindano nilimwambia asubiri kidogo. Uliangua kicheko mpaka mashine yako ikapiga kengele.

Baadaye ulinieleza kwamba kile hakikuwa kitu cha kitoto. Ndani yake mlikuwa na Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, ile ile uliyokuwa ukiwafundisha wanafunzi wako wa sekondari huko Kinango kabla figo hazijakutoa darasani. Uliipenda kwa sababu haifungwi: unaweza kuingia ndani, ukasoma, ukabadilisha upendavyo. Mimi, mshona nguo wa Msambweni, nilikuwa najua simu ya kupigia na kupokea. Lakini ulikuwa na subira ya ajabu. Uliniletea kibodi kidogo cha waya, ukanionyesha faili la batani, mahali panapoamriwa kila batani ifanye nini. Ukanifundisha na ile alama ya vijiti vinne vilivyopandana, ile tunayobonyeza mwisho tukiangalia salio la simu. "Mstari ukianza na alama hii," ulisema, "mashine inauruka. Haiuoni. Mstari huo ni wa binadamu."

Kisha mwanao Dzame akakutumia kipya kutoka Nairobi. Kiwanda kile kile, toleo la pili. Cha zamani ukanipa mimi, tukakiita Kidogo, na kipya tukakiita Kipana. Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza. Chumba kizima kilikuwa kikitusikiliza.

Wewe ulikuwa wa Kipana. Ulikuwa ukihesabu sifa zake kama mtu anayeposa: kioo kikubwa, maandishi yanasomeka bila miwani, kadi mbili za kumbukumbu, moja ya mfumo na moja ya michezo, ili moja ikifa nyingine ibaki. Kidogo kina kadi moja, na kweli, ile kadi ilipokufa tulipoteza vyumba vyote vya mpagazi tulivyokuwa tumevishinda, tukaanza na cha kwanza kama watu waliofilisika. Tena betri. Kipana kinamaliza saa nne na chaji inabaki. Kidogo kinazima saa ya tatu inapokwisha, na wewe na mimi tunaijua saa ya nne. Ndiyo saa ya misuli kukaza na kichwa kuwa chepesi. "Kidude kinachokuacha saa ya nne si rafiki," ulisema.

Mimi nilikuwa wa Kidogo. Kinaenea kiganjani. Mkono wangu wa kushoto una sindano, sina ruhusa ya kuukunja. Nimebakiwa na mmoja, na Kidogo unakishika kwa mkono huo mmoja na gumba linafika kila mahali. Batani zake ni laini, hazimchoshi mtu. Kikianguka unakiokota, unakipangusa, unaendelea. Kipana ni kizito, kimetengenezwa kwa watu wenye mikono miwili na siku nzima. Na kile kijiti chake cha kushoto kilikuwa kikijiendea chenyewe. Mpagazi anatembea hujamgusa. Ulikataa katakata kwamba ni kasoro. Ulisema ana haraka ya kazi.

Jambo moja tu nilikisifia Kipana. Kikichezewa muda mrefu kinapata joto mgongoni. Wewe uliliona ni kosa la mafundi, ukataka kupunguza kasi yake ili kipoe. Nami kila Alhamisi tulipokuwa tukibadilishana nilikibana kiganjani, vidole vikapata uhai. Nikakwambia usithubutu kuligusa joto lile.

"Mnagombana kama wake wenza," alisema Sista Mbeyu, "na mume mwenyewe ni mashine."

Alhamisi yetu ya mwisho tuligombana vivyo hivyo. Ulikuwa umenyamaza kuliko kawaida, nikadhani ni safari, maana kutoka kwenu mpaka hospitali ni mbali na barabara ina vumbi. Ulinitazama kidogo, ukataka kusema jambo, mimi nikawa nimeshakurukia kwa kicheko na habari ya joto. Ukacheka. Ukasema tu, "Haya, dada, umeshinda leo." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilitoka pale nimefurahi.

Jumapili ukafariki kwako, usingizini. Jumatatu nilifika nikaona kiti kimetandikwa shuka safi. Sista Mbeyu hakuwa na haja ya kunieleza, lakini alinieleza, akiwa ameshika mkono wangu ule usio na sindano.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Siku ya mashine. Sista alinisihi nihamishe, nije Jumatano, na nikamwambia nitaona. Sikwenda Jumatano. Alhamisi nikaja Kinango na Kidogo mkobani, nikikusudia kukirudisha kwa wenyewe. Mbuzi wako walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba wanalia. Kwaya ya kanisa lenu iliimba, nami nilisimama na buibui langu kati ya wanawake wa Kiduruma, na hakuna aliyenifanya mgeni. Mama Dzame alinikumbatia kana kwamba tulikuwa tunajuana siku zote. Nilipomtolea Kidogo alinirudishia mkononi. Kisha akaingia ndani akatoka na Kipana na kile kibodi, vimefungwa kwa kitambaa.

"Aliniagiza," alisema. "Kipana kiende kwa dada wa Msambweni. Alirudia mara mbili, nisije nikasahau."

Nikarudi nyumbani na vyote viwili. Na hapa ndipo penye aibu yangu.

Jumatatu iliyofuata sikwenda. Nilimwambia mama kwamba wamebadilisha siku. Mama yangu, Mwalimu, ambaye sijamdanganya tangu nilipokuwa nikiiba sukari. Nilikaa hapa nilipokaa sasa, miguu juu ya kigoda, nikasikiliza watu wakipita njiani. Sikutaka kufa. Nataka uelewe hilo. Nilitaka kupumzika tu, niwe mtu ambaye Jumatatu ni Jumatatu. Kila nilipofikiria kile chumba niliona lile shuka safi, nikasema, siku moja zaidi. Kidogo sikukiwasha, na Kipana sikukifungua hata kitambaa.

Alhamisi alasiri nilitaka kwenda dukani kununua uzi, na mguu haukuingia katika ndara. Ulikuwa umevimba, unang'aa. Nikainama kuutazama, na nilipoinuka pumzi haikupatikana. Mama alinikuta nimeshika fremu ya mlango. Aliutazama mguu, akaniangalia usoni, akajua yote.

"Mwanasiti," alisema, "nilikuzaa mara moja. Sina nguvu za kukuzaa mara ya pili."

Alinifikisha hospitali yeye mwenyewe, kwa gari la jirani, akinishikilia nikae wima. Nilimngojea Sista Mbeyu anigombeze, na nilitamani anigombeze. Alinipima, akaandika, akanifunga ile mipira ya damu, kisha akasema, "Karibu tena," basi. Nililia kuliko siku ya kwanza.

Na katika kiti chako ndipo nilipomwona Bwana Shee. Ameendesha boti za wageni Shimoni miaka yote, kuwavusha kwenda Wasini na kuwarudisha. Mtu mrefu, mkimya, mzoefu wa kushika usukani, na sasa amelazwa chali na sindano mkono wa kulia, kwa kuwa mishipa ya kushoto ilishindikana. Kila baada ya dakika chache anauliza, "Bado saa ngapi?" Nilimsalimia kwa adabu, nikamnyooshea Kidogo kama wewe ulivyoninyooshea.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Michezo ni ya mjukuu wangu."

Wiki ya pili akaomba kukitazama. Alikisogeza mbali, akakisogeza karibu, akakunja uso. "Humu naona sisimizi tu." Macho yake, Mwalimu. Sukari imeyala. Anaona, lakini vitu vikubwa.

Nilijua pale pale dawa yake ni nini. Ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti changu. Nilikuwa nimeanza kubeba Kipana kila safari, ingawa sikuwahi kukiwasha. Nilitaka tu kiwe karibu. Na nilikificha. Nikamwambia pole, mzee wangu, hiki ndicho nilicho nacho. Nilisema uongo wa pili katika mwezi mmoja, na huu nilikuwa nakulinda wewe, au nilijiambia hivyo.

Alhamisi moja presha yake ilishuka ghafla. Rangi ilimtoka, akaanza kuhangaika. "Nitoeni!" alisema kwa sauti. "Nitoeni hapa, nikafie kwangu!" Sista Mbeyu alikuwa amemshika bega, anamwita kwa jina, mwingine anainua miguu yake. Alipotulia alifunika uso kwa ule mkono wake wa kushoto. Mtu aliyevusha watu bahari na mvua, akijificha nyuma ya kiganja. Nami nimekaa na mkoba chini ya kiti.

Nikautoa. Nikafungua kile kitambaa cha Mama Dzame, nikakiwasha, nikampa. Aliona. Alisema, "Aa, huyu ni mtu," akimwonyesha mpagazi. Lakini alipotaka kumwendesha, mkono wa kushoto ukabonyeza na hakuna kilichotokea. Kila kitu kilikuwa upande wa kulia. Alijaribu, akajaribu, kisha akanirudishia taratibu.

"Umeona? Hata hiki hakinitaki."

Sikuelewa. Kipana ulikuwa ukikichezea wewe, na wewe ulikuwa mtu wa kushoto. Ijumaa asubuhi nilichomeka kibodi nikafungua faili la batani, kwa vidole vizito, nikitafuta kila herufi. Mistari yako ya mkono wa kushoto ilikuwamo yote. Lakini kila mmoja ulikuwa umewekewa ile alama mbele, mashine isiuone. Chini yake ulikuwa umeandika mistari mipya ya mkono wa kulia. Na juu ya hiyo mipya kulikuwa na maneno ya binadamu.

Nimeyanakili hapa, ingawa ni yako:

"Mpangilio wa Mwanasiti, mkono wa kulia peke yake. Batani mpya ya kurudi hatua moja nyuma nimeiweka karibu na gumba, kwa sababu ana haraka na hukosea. Kasi sijaipunguza. Joto libaki.

Daktari amesema moyo hauwezi tena mashine. Nilikusudia kumwambia Alhamisi, nikashindwa. Alikuwa anacheka."

Nilikukasirikia, Mwalimu. Niseme ukweli. Nilikaa mbele ya kile kioo nikakugombeza kwa sauti mpaka mama akaja mlangoni kuuliza nasema na nani. Ulinipumbaza kwa ubishi wa betri na kadi, nawe umebeba hilo. Ningeuacha ubishi. Ningekaa kimya nawe zile saa nne, au ningekuuliza unaogopa nini. Ulininyima hilo. Na papo hapo nikakumbuka kwamba mimi nami nilimwambia mama wamebadilisha siku.

Faili lile lilibaki wazi toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kile kidude ulikuwa umekikata na kukishona kwa kipimo changu mimi, kama mimi ninavyomshonea mtu nguo. Nilijua nikiigusa ile mistari sitakuwa na kitu kingine ulichonitengenezea. Nilifikiria kumwachia Bwana Shee saa zake nne kama zilivyo. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukubali.

Baada ya kuswali nilirudi nikafanya. Nilifuta ile alama mbele ya mistari yako, mmoja mmoja, na kuiweka mbele ya mistari yangu. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini jasho lilinitoka. Maneno yako sikuyagusa. Yako pale pale, na mashine inayaruka. Kisha nikazima kupitia menyu kama ulivyonifundisha, nisiiue kadi.

Jumatatu nikampa Bwana Shee. Gumba lake la kushoto lilitafuta kidogo, likapata. Mpagazi akasogea. Kile kijiti kikajiendea chenyewe na mpagazi akagonga ukuta, na mzee akafoka, "Rudi nyuma, mjinga we! Nani amekupa usukani?" Chumba kizima kikacheka. Alikwama chumba cha tatu mara nane. Sikumsikia akiuliza bado saa ngapi hata mara moja.

Mwisho kabisa, Sista akimchomoa sindano, aliniuliza, "Aliyezipanga hizi batani alikuwa mtu wa kushoto, sivyo?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Fundi?"

"Mwalimu."

Akainamisha kichwa kwa heshima, akanirudishia. Nikamwambia akae nacho.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Nilimpigia simu Mama Dzame nikamweleza, maana ni haki yake kujua. Akauliza, "Anacheza vizuri?" Nikasema anacheza vibaya sana. Akacheka, mara ya kwanza nimemsikia akicheka tangu mazishi, na akaniambia mbuzi mmoja amezaa mapacha na nifike niwaone hali ikiniruhusu.

Mimi nimebaki na Kidogo. Kinazima saa ya tatu, kama kawaida yake. Saa ya nne ninamsikiliza Bwana Shee akimtukana mpagazi, au ninafumba macho. Ni saa ndefu bado. Sijapona na sitapona, na figo ya kupewa ni jambo la kuombewa tu. Naogopa siku ambayo daktari atanivuta pembeni mimi nami. Sasa najua kwa nini ulicheka badala ya kusema. Hasira imepoa, lakini sijakubali kwamba ulifanya sawa.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii, na haifanani na zile za watu wazima wenye nguvu. Siahidi kwamba sitachoka. Nitachoka, na pengine zaidi ya sasa. Ninaahidi kwamba nikichoka nitasema. Nitamwambia mama, nitamwambia Sista Mbeyu, nitamwambia hata Bwana Shee. Sitakaa tena na miguu juu ya kigoda nikamdanganya mtu anayenipenda.

Nimekwisha kuanza. Kabla sijashika kalamu, mama alinipita akielekea kulala, nikamwambia, "Mama, leo nimechoka sana." Alisimama. Aliketi chini kando yangu, akaanza kunikanda miguu, akanikanda mpaka usingizi ukamchukua yeye.

Pumzika, Mwalimu. Wewe kwa dini yako na mimi kwa dua zangu, Mola ni mmoja anayesikia. Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko kitini.

Dada yako wa Msambweni,
Mwanasiti